Tahariri: Dosie ya mwanafunzi wa Bukavu isisubiri mwisho wa vita

Kila mwaka, kuanzia Januari mpaka katikati ya mwaka, vijana wa Bukavu wanaotafuta kusoma ng'ambo huishi kwa kuhesabu tarehe. Wanatuma maombi kwa vyuo vikuu vya Ubelgiji, Ufaransa au Kanada, wanangoja, na mwenye bahati anapata barua ya kukubaliwa kwenye simu. Zamani barua hiyo ilikuwa nusu ya safari. Tangu mji uingie mikononi mwa AFC/M23 katikati ya Februari 2025, imekuwa ufunguo wa nyumba ambayo mlango wake uko Kinshasa.

Na Kinshasa imekuwa mbali kuliko zamani. Uwanja wa ndege wa Kavumu, kilomita kama 30 kaskazini mwa mji, ulitekwa tarehe 14 Februari 2025, na ndege za abiria zilizokuwa zikiunganisha Bukavu na mji mkuu zimesimama. Anayelazimika kufika Kinshasa leo anavuka daraja la Ruzizi, anapita Kamembe, anapanda basi mpaka Kigali. Akifika Kigali hapati ndege ya moja kwa moja, kwa sababu Kongo ilisimamisha safari za RwandAir mwezi Mei 2022, na Februari 2025 ikafunga anga lake kwa ndege zote zilizosajiliwa Rwanda. Basi atapitia Nairobi, Entebbe au Addis Ababa. Njia ya kusini, kwa Kamanyola na Uvira mpaka Bujumbura, inakatiza eneo la mapigano. Raia wa Kongo anapita nchi mbili au tatu za kigeni ili afike katika mji mkuu wa nchi yake mwenyewe, na mara nyingi anachoenda kufanya huko ni kuweka vidole kumi juu ya mashine na kujibu maswali kwa dakika chache.

Serikali ya Kinshasa, utawala ulioko Bukavu na balozi za kigeni wote wanasema wanawatakia vijana wa Kivu mema. Hotuba hizo zimesikika vya kutosha. Mambo yanayomfunga mwanafunzi ni madogo, yanajulikana, na mengi yanaweza kubadilishwa kwa barua moja ya mkurugenzi, bila kungoja amani isainiwe.

Tuanze na pasipoti, maana bila hiyo hakuna dosie. Wakongo wana historia chungu na kitabu hicho. Mwaka 2015 bei yake ilipandishwa mpaka dola 185, na uchunguzi wa shirika la habari la Reuters mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika pesa hizo ni dola 65 tu zilizoingia serikalini. Nyingine zilikwenda kwa kampuni na watu binafsi. Bei ilishushwa baadaye mpaka dola 99. Kwa mkazi wa Bukavu, bei yenyewe si shida tena. Hakuna biro ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Kinshasa inayofanya kazi mjini, na ile ambayo ingekuwa karibu zaidi, ubalozi wa Kongo mjini Kigali, haiwezi kusaidia: Kinshasa iliwaita nyumbani wanadiplomasia wake Januari 2025, wakati Goma ikielekea kuanguka. Zinabaki balozi za Bujumbura, Kampala na Nairobi. Kijana ambaye pasipoti yake imekwisha muda mwezi huu anatakiwa kuvuka mpaka ili apate kitabu kinachomruhusu kuvuka mpaka.

Karatasi nyingine zinafuata mkondo huohuo. Wengi waliozaliwa vijijini, au wakati wa vita vya 1996 na 1998, hawakuandikishwa kwenye komine walipozaliwa. Wanahitaji hukumu ya korti inayochukua nafasi ya cheti cha kuzaliwa, na ubalozi unataka hukumu hiyo ipigwe muhuri wa kuthibitishwa Kinshasa. Dipoloma ya Serikali inatolewa na Kinshasa. Cheti cha kuonyesha kwamba mtu hana kesi kinategemea korti na polisi, na leo katika Bukavu swali la nani anasaini karatasi ya korti ni swali la siasa. Karatasi iliyosainiwa na utawala wa AFC/M23 haitambuliwi na Kinshasa, na ubalozi ulioko Kinshasa hauwezi kuipokea bila kuonekana umetambua utawala huo. Mwanafunzi hakuchagua nani akae kwenye biro ya komine ya Ibanda au Kadutu. Alienda tu kutafuta cheti.

Kuna pia jambo ambalo halina uhusiano na vita, na ambalo limeangusha dosie nyingi kimyakimya. Kwa miaka mingi masomo ya chuo kikuu nchini Kongo yalikuwa na ngazi mbili: graduat ya miaka mitatu, kisha licence ya miaka miwili. Ufaransa, licence ni ya miaka mitatu tu. Mkongo aliyesoma miaka mitano Université Officielle de Bukavu au ISP anaandika kwenye fomu kwamba ana licence, na msomaji wa dosie huko Lyon au Montreal anadhani ni ya miaka mitatu. Anamrudisha nyuma, au anaona kwamba mpango wa masomo hauna mantiki: kwa nini mtu mwenye miaka mitano ya chuo anaomba kuanza tena? Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi imeingia kwenye mfumo wa LMD, wa licence, master na doctorat, kama Ulaya. Ni hatua nzuri. Ila kwa miaka kadhaa ijayo kutakuwa na watu wa mifumo miwili wenye vyeti vya jina moja, na maana mbili tofauti. Ofisi za masomo za vyuo vya Bukavu zingeweza kuambatanisha na kila karatasi ya pointi ukurasa mmoja unaoeleza mfumo wa zamani: miaka mingapi, saa ngapi, pointi zinahesabiwaje. Asilimia 70 katika chuo cha Kongo ni alama ya heshima kubwa. Katika nchi nyingine ni ya kawaida tu. Ukurasa huo hauhitaji ruhusa ya Kinshasa wala ya mtu mwingine yeyote.

Halafu zinakuja pesa. Ufaransa inamtaka mwanafunzi aonyeshe kwamba atakuwa na euro 615 kwa mwezi. Kanada, ambayo kwa miaka mingi ilitaka dola zake 10,000 kwa mwaka juu ya minervali, ilipandisha kiasi hicho mpaka 20,635 tarehe 1 Januari 2024, na kuanzia tarehe 1 Septemba 2025 ni 22,895. Familia nyingi za Bukavu hazina pesa hizo, na tahariri hii haidai kwamba kila mtu anastahili viza hata kama hawezi kujilisha atakakokwenda. Lakini zipo familia zenye pesa, au zenye mjomba Brussels au shangazi Ottawa aliye tayari kudhamini, ambazo zinashindwa kwa sababu nyingine kabisa. Benki zilifunga milango Goma na Bukavu vita vilipofika. Watu wanatumiana pesa kwa simu, au wanavuka Kamembe kutafuta benki. Mfanyabiashara anayeuza vitenge Kadutu anaweza kuwa na mzunguko mzuri wa pesa kila wiki na asiwe na karatasi hata moja ya kuonyesha, kwa sababu akaunti yake ya Bukavu imelala tangu Februari 2025. Afisa wa viza anaona miezi mitupu kwenye akaunti na anaandika neno moja: hatoshi.

Hata hivyo, pasipoti, cheti na akaunti vinaweza kutafutwa, kwa taabu na gharama. Kuna swali moja ambalo mwanafunzi wa Bukavu hawezi kulijibu vizuri hata awe na karatasi zote duniani, nalo ni hili: utarudi?

Sheria za nchi nyingi zinampa afisa uwezo wa kumkatalia mwombaji akiona kwamba hataondoka masomo yakiisha. Ili kumridhisha, mwombaji anaonyesha kinachomvuta nyumbani: kazi inayomngoja, nyumba, kiwanja, mzazi mwenye mshahara, akaunti ya benki. Hesabu vitu hivyo kwa mtu wa Bukavu wa leo. Mwajiri amehamisha biro au amefunga. Akaunti imelala. Mzazi aliyekuwa mfanyakazi wa serikali hajui mshahara utamfikiaje. Wakati huohuo, wizara za mambo ya nje za nchi hizohizo zinawaonya raia wao wasikanyage Kivu Kusini kwa sababu ya hatari. Mkono mmoja wa serikali unaandika kwamba Bukavu si mahali pa kwenda. Mkono wa pili unamkatalia kijana viza kwa kuwa hakuthibitisha vya kutosha kwamba ataharakisha kurudi Bukavu.

Hakuna barua ya maelezo inayoweza kutoka katika mtego huo. Ukiandika kwamba hali ya mji ni mbaya, umejikata mwenyewe, maana utaonekana mkimbizi aliyevaa kofia ya mwanafunzi. Ukiandika kwamba hali ni nzuri, afisa anafungua ukurasa wa habari na anakuona mwongo. Wengi huchagua kutosema lolote juu ya vita, na dosie yao inabaki na shimo katikati ambalo kila msomaji analiona. Ushauri wa wanaojua kazi hii ni kusema ukweli kwa kifupi, kwa tarehe: chuo kilifungwa lini, kikafunguliwa lini, benki ilisimama lini. Lakini hata ukweli ulioandikwa vizuri unahitaji msomaji aliyeruhusiwa kuupokea.

Kwamba jambo hili linawezekana, Kanada yenyewe imeonyesha. Mwezi Mei 2022 kamati ya Bunge lake inayoshughulikia uhamiaji ilitoa ripoti juu ya wanafunzi wa kigeni, na suala la waombaji wa Afrika inayozungumza Kifaransa kukataliwa kwa wingi kuliko wengine lilijadiliwa humo waziwazi. Tarehe 26 Agosti 2024 ikaanza programu ya majaribio kwa wanafunzi wanaozungumza Kifaransa wanaokubaliwa na vyuo vilivyochaguliwa nje ya Quebec. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo kwenye orodha ya nchi zinazohusika. Mwombaji wa programu hiyo hatakiwi kuthibitisha kwamba ataondoka Kanada baada ya masomo, na kiasi cha pesa anachotakiwa kuonyesha ni kidogo kuliko cha wengine. Swali la kurudi liliondolewa kwa mstari mmoja wa sera, na Kanada haikuanguka.

Nafasi zenyewe si nyingi, na inafaa kusema hivyo kabla watu hawajauza mashamba. Nchi hiyohiyo, mwezi Januari 2024, iliweka kikomo kwa idadi ya vibali vipya vya masomo na kuanza kudai barua ya uthibitisho kutoka kwa jimbo mwanafunzi anakokwenda. Mlango mmoja ulifunguliwa na mwingine ukasukumwa.

Kanada imetatua jambo lingine ambalo Ulaya bado inaling'ang'ania. Dosie yake inatumwa kwa intaneti, na alama za vidole zinaweza kutolewa katika kituo chochote cha maombi ya viza, mradi mwombaji ameingia nchi hiyo kihalali. Mtu wa Bukavu anaweza kuzitoa Kigali au Nairobi. Bado ni gharama, bado ni safari, na umeme ukikatika Ibanda usiku wa mwisho wa kutuma dosie ni kilio. Lakini hatakiwi kuzunguka nusu ya Afrika ya Mashariki ili kufika Kinshasa.

Kwa Ubelgiji na Ufaransa kanuni ni tofauti: mtu anaomba katika nchi anakoishi kihalali, na kwa Mkongo hiyo ni Kinshasa. Kanuni hiyo ina sababu zake wakati wa kawaida. Inazuia watu kukimbilia ubalozi wanaodhani ni mlegevu. Kwa Ubelgiji hata upande wa pili wa Ruzizi hakuna tena pa kubisha hodi, kwa kuwa tarehe 17 Machi 2025 Rwanda ilivunja uhusiano wa kidiplomasia na Brussels na wanadiplomasia wa Ubelgiji wakaondoka Kigali. Marekani nayo, mwezi Septemba 2025, iliagiza kwamba waombaji wa viza za muda wafanye mahojiano katika nchi yao ya uraia au wanakoishi. Kwa wale waliokuwa wakitumaini kujieleza Kigali au Kampala, habari hiyo iliziba njia iliyokuwa imebaki. Jirani zao wa Burundi wana hali mbaya zaidi: tangazo la Rais Donald Trump la Juni 2025 lilisimamisha viza za wanafunzi kwa raia wa nchi hiyo.

Wapo wanaosema, na wengine ni wazazi wenye akili timamu, kwamba kelele hizi zote ni za nini. Mkoa unahitaji vijana wake. Wakienda hawarudi. Kwa nini kudai milango ifunguliwe ili wasomi watoke?

Hoja hiyo ina uzito, na historia ya nchi hii inaijibu kwa namna mbili. Wakati wa ukoloni, utawala wa Ubelgiji uliona kwamba kumruhusu Mkongo kusoma chuo kikuu Ulaya ni hatari. Thomas Kanza, aliyemaliza masomo Louvain mwaka 1956, anatajwa kama Mkongo wa kwanza wa kawaida, asiye padri, kupata shahada ya chuo kikuu huko. Uhuru ulikuja miaka minne tu baadaye, na nchi kubwa kuliko Ulaya Magharibi ikaanza na wasomi wa kuhesabika kwa vidole. Kuwazuia vijana wasitoke hakukuacha elimu nyumbani. Kuliacha pengo, na nchi ililipa kwa miaka mingi.

Jibu la pili linatoka Bukavu kwenyewe, na kila mtu analijua. Denis Mukwege, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1955, alisomea udaktari Bujumbura. Katika miaka ya 1980 alikwenda Angers, Ufaransa, kubobea katika magonjwa ya akina mama, na mwaka 1989 akarudi Lemera. Hospitali ya Lemera ilishambuliwa Oktoba 1996. Angekuwa na sababu zote za kurudi Angers. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, ambako wanafunzi wa udaktari wa Université Évangélique en Afrique wanajifunza mpaka leo. Mwaka 2015 akapata udaktari wa falsafa katika Université Libre de Bruxelles, na mwaka 2018 Tuzo ya Nobel ya Amani. Si kila atakayepewa viza atakuwa Mukwege, na wengine kweli hawatarudi. Lakini mwanamke aliyetibiwa Panzi alitibiwa na mkono uliofundishwa Bukavu, Bujumbura na Angers kwa pamoja.

Kuna pingamizi lingine, la balozi, nalo lisifichwe. Dosie za uongo zipo. Barua za udhamini zinauzwa, akaunti zinajazwa pesa za kukopwa wiki moja kabla ya kuchapisha karatasi ya benki, na madalali wanaahidi burse na viza kwa pesa za mkononi, kisha namba zao zinazimwa. Afisa wa viza anayeshuku si mtu mbaya. Ila inafaa kutazama biashara hiyo inapata wapi wateja. Mama ambaye mtoto wake amekubaliwa chuo, na ambaye haoni biro hata moja ya kweli ya kuuliza swali katika mji mzima, ndiye anayekaa mbele ya dalali na bahasha mkononi. Chuo kikuu cha kweli hakidai minervali ilipwe kwenye namba ya simu ya mtu, na hakuna wakala mwenye uwezo wa kuhakikisha viza, hata awe na ofisi yenye kapeti. Hilo lisemwe makanisani, mashuleni na redioni, kila msimu.

Basi nani afanye nini? Mzigo mkubwa ni wa Kinshasa. Serikali inayosema, na kwa haki, kwamba Bukavu ni mji wa Kongo, ina wajibu wa kuwahudumia watu wa Bukavu kama Wakongo. Inaweza kutuma timu ya pasipoti Bujumbura na Kampala kwa siku maalumu zilizotangazwa mapema, kwa ajili ya wakazi wa Kivu mbili. Inaweza kuthibitisha dipoloma na karatasi za pointi kwa njia ya intaneti, moja kwa moja kutoka kwa wizara mpaka ubalozini, bila mwanafunzi kubeba karatasi mkononi. Sajili za mitihani ziko kwake. Haihitaji ruhusa ya mtu yeyote Bukavu kuzifungua. Na inaweza kuziandikia balozi barua rasmi ikisema kwamba haina pingamizi zikipokea dosie za wakazi wa Kivu katika nchi jirani. Balozi nyingi hujificha nyuma ya heshima kwa serikali ya nchi; barua hiyo ingewaondolea kisingizio.

Utawala ulioko Bukavu nao usikwepe. Anayeshika mji anashika pia makabati ya korti, ya komine na ya vyuo. Karatasi zilizomo zilikuwepo kabla ya Februari 2025 na ni mali ya walioandikwa humo. Nakala yake itolewe bila mtu kuulizwa anaunga mkono upande gani, na mwanafunzi anayefika mpakani na barua ya chuo aachwe apite. Pande mbili zimekuwa zikikaa Doha; tarehe 19 Julai 2025 zilisaini tamko la kanuni, na Novemba mwaka huohuo mkataba wa mfumo. Katika mazungumzo hayo na pembeni yake kumetajwa wafungwa, misaada, hata ndege za misaada kutua Goma. Karatasi za wanafunzi ni jambo jepesi kuliko hayo yote, na hakuna jenerali anayepoteza kilima kwa kukubali cheti cha kuzaliwa kipigwe muhuri.

Kwa Brussels na Paris ombi ni moja, na la muda: mpaka Kavumu ifunguliwe, mkazi wa Kivu Kusini au Kaskazini aliyekubaliwa na chuo aruhusiwe kutoa alama za vidole na kuhojiwa Bujumbura, Kampala au Nairobi, na mahojiano yawe kwa video pale inapowezekana. Vyuo vikuu vimlindie nafasi mpaka mwaka unaofuata bila kumtaka aanze upya. Baadhi hufanya hivyo mwanafunzi akiomba mapema kwa barua, na wengi wa Bukavu hawaombi kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba inawezekana.

Kwa wale wanaoangalia karibu zaidi, Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na njia ya kwenda kusoma Kampala, Nairobi au Bujumbura ni nyepesi kuliko ya Ulaya, ingawa Kiingereza kinawasumbua waliosoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi. Wengi tayari wameichagua. Ni uamuzi mzuri kwa anayeutaka. Lakini asiwe mtu anayekwenda huko kwa kuwa tu pasipoti yake ilikwama.

Anayetaka kuingia darasani Ulaya mwezi Septemba anahitaji dosie yake ya viza iwe imefika mezani kabla ya katikati ya mwaka, na kwa Ubelgiji na Ufaransa meza hiyo bado iko Kinshasa, kama kilomita 1,500 kutoka Kavumu, kwenye mstari ambao hakuna ndege ya abiria inayoupita.